Pua ya Tanuri

Novemba 4
Binti yangu Chinatsu anasema kila nikimpigia simu kule Osaka namsimulia mkaa mpaka chakula chake kinapoa. Eti niandike, nimpunguzie. Haya, naandika.

Leo tumeanza kukata kwenye mteremko wa Bi Ikuyo, ule unaotazama bahari. Mara ya mwisho mume wangu Kanesuke alikata hapa miaka kumi na mitano iliyopita. Katika kila kichaka cha ubame alichukua mashina manene tu, yale membamba kama kidole akayaacha, ndivyo baba yake alivyomfundisha. Leo vile vidole vimekuwa mikono. Ubame ni mwaloni usio na haraka. Ni mfupi, umepindapinda, unakaa juu ya mwamba ukipigwa na upepo wa chumvi, na gogo lake ukilitupa majini linazama. Kanesuke alisimama mbele ya kichaka cha kwanza akashika shina moja baada ya jingine, halafu akasema, "Mama Chinatsu, nipe msumeno." Hilo tu. Nikashukuru moyoni kwamba tumeifika siku hii sote wawili, maana Oktoba nzima alilazwa na mafua makali yaliyonitia hofu.

Ila Bi Ikuyo ametuwekea sharti. Ana miaka themanini na sita, na mteremko ni wake. Alikuja na fimbo yake mpaka chini ya njia.

"Kane, umekonda."

"Mafua tu, bibi."

"Mafua hayaondoki bure, huondoka na kitu. Sikiliza. Nakuachia mteremko mpaka plamu zichanue. Zikichanua nakuja kuusikiliza mkaa wako. Mkaa ukilia kama chuma, endelea mpaka juu kabisa. Usipolia nampa Seigo. Ananiomba tangu kiangazi."

Seigo ni jirani yetu, kijana wa miaka arobaini, na si mtu mbaya. Lakini ana msumeno wa mashine na haraka ya dunia ya leo. Akiingia mlimani anakata vyote, vinene na vyembamba, kutoka juu hadi chini. Upande wa pili wa bonde aliukata hivyo, na ubame haujarudi, miti mingine imeuwahi kwenye jua. Kanesuke akipita kule hutazama upande mwingine.

Novemba 7
Siku ya Bibi wa Mlima, mungu wa kike wa milima yetu. Leo anahesabu miti yake, na binadamu akionekana huko huhesabiwa kuwa mti, basi tena harudi nyumbani. Tumetulia. Asubuhi Kanesuke alipeleka pombe ya mchele na samaki okoze kwenye jiwe la Bibi mwanzo wa njia. Okoze ndiye samaki mwenye sura mbaya kuliko wote wa bahari yetu. Bibi naye inasemekana hakujaliwa sura, kwa hiyo akimwona okoze hufurahi kwamba yupo aliyemzidi. Mimi ni binti wa muuza samaki, nimewaparua okoze wengi, na namwelewa kabisa.

Kwa sababu hiyohiyo mimi sifiki kwenye dohani la tanuri wakati moshi unageuka. Wake wa wachomaji wengine siku hizi wanakaa hapo bila shida. Kanesuke hataki. Baba yake alimwambia Bibi akimwona mwanamke pale huingiwa na wivu na kuharibu mkaa.

"Mzee, hata na uso huu wa miaka sitini na mitatu?"

"Wewe hujui macho yake yalivyo," akasema.

Mpaka sasa sijui kama nilisifiwa au nilitukanwa.

Novemba 12
Mvua. Nimekaa chini ya bati nikinyoosha magogo. Ubame haujui kunyooka. Unakata chale pale ulipopinda, unapigilia kabari, unageuza, unapigilia nyingine. Mikono inauma lakini ni kazi ninayoipenda.

Novemba 13
Mvua tena.

Novemba 20
Tanuri limejaa. Tumewasha moto mdomoni mwake, moshi umetoka mweupe na mzito. Nimeupigia makofi mawili ya dua, nikainamisha kichwa.

Novemba 24
Tumegombana, kwa jambo dogo. Nilimwacha Kanesuke jikoni, uji wa mchele na chai ukiwa motoni, nikaenda kuanua nguo. Harufu ya kuungua ilinipata nikiwa uani. Nikaingia mbio. Yeye amekaa pale pale, karibu na sufuria, anasoma gazeti.

"Huoni uji unaungua?"

"Sikuambiwa niuangalie."

Nikamwambia hata paka huwa anaondoka jikoni kukiungua. Akaenda tanurini. Baadaye niliona ameikwangua ile sufuria mwenyewe na kuipanga kwenye rafu. Tangu apone mafua amekuwa mkavu hivi. Chakula anakula bila kukisifu wala kukilaumu, na mtu huyu kwa miaka thelathini na minane alikuwa akijua nimebadilisha chumvi kabla hajaketi.

Desemba 3
Leo tumevuta mkaa wa tanuri la kwanza. Niandike wazi ilivyokuwa, maana Chinatsu hatajua nisipoeleza.

Moshi wa ubame hubadilika siku zikipita, kwa rangi na kwa harufu, na harufu ndiyo isemayo kweli. Ukishageuka, mchomaji anaubomoa mdomo wa tanuri kidogo kidogo. Hewa inaingia, mkaa unaiva mpaka unang'aa rangi ya dhahabu, ndipo tunauvuta nje kwa reki ndefu ya chuma na kuufukia kwenye jivu lenye maji. Ukipoa unakuwa mgumu, mweupe kwa jivu, na ukigonganisha vipande viwili vinalia kama chuma. Ukifungua mapema, mkaa unakuwa laini na kupasuka. Ukichelewa, unakuta jivu.

Huu ulikuwa laini. Niligonganisha vipande, vikatoa sauti ya kuni. Nikajaribu vingine kutoka chini ya lundo. Vilevile. Kanesuke alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mti ulikuwa na maji mengi," akasema. "Mvua ile."

"Labda," nikasema.

Katika maisha yetu sijawahi kuona tanuri zima la mume wangu likitoa mkaa wa namna hii.

Desemba 7
Seigo amepita kutusalimu. Ameleta machungwa. Ameokota kipande cha mkaa, amekigonga kwenye ukuta, kikavunjika. Akakiweka chini taratibu.

"Bi Tomie, mzee yuko sawa?"

"Yuko sawa kuliko wewe. Wewe ndiye huna mke."

Alicheka, lakini alipoondoka niliona anautazama mteremko wetu kwa muda mrefu.

Desemba 14
Nimempelekea Kanesuke chakula, wali uliofungwa kwa majani ya haradali, nikakuta moshi umeanza kuwa mwepesi. Nikasogea hatua chache tu nione. Akaniondoa kwa ukali ambao sijauzoea. "Nimekwambia usije hapa. Mara ngapi?" Niliacha chakula juu ya kisiki nikateremka. Nimewaza njia nzima. Ameanza kunichoka? Au kazi imemchosha na anaona aibu kusema? Nilipoolewa nikaja huku kutoka bandarini, watu walisema binti wa samaki hatakaa mlimani hata mwaka mmoja. Nilikaa kwa sababu ya upole wa huyu mtu. Leo sikuuona.

Desemba 21
Tanuri la pili. Nusu yake jivu. Safari hii alichelewa. Hakusingizia mvua wala kitu. Aliketi juu ya gogo na reki mkononi, na mimi nikafagia.

Desemba 31
Tumekula tambi za mwisho wa mwaka. Chinatsu amepiga simu. Nimemwambia tuko wazima, na ni kweli, na kwa hilo nashukuru. Mengine sikumwambia.

Januari 6
Leo nitaandika mengi.

Kanesuke alikuwa ndani ya pikapu anakula chakula cha mchana, vioo vimefungwa kwa sababu ya baridi. Nilimfuata kumpa chai. Nikafungua mlango na karibu nianguke. Jamani, harufu ile! Mimi nimezaliwa kwenye samaki, nimelala juu ya vikapu vya samaki, lakini harufu ya namna ile sijapata kuisikia. Kulikuwa na kitu kimeoza mle ndani, kimeoza hata machozi yakanitoka. Na mume wangu amekaa katikati yake, anatafuna wali kwa utulivu.

"Nini?" akaniuliza.

Nikainama, nikatazama chini ya kiti. Karatasi ya dukani, na ndani yake okoze, au kilichobaki cha okoze. Nikaelewa baadaye kwamba baada ya tanuri la pili alikwenda bandarini kwa siri, akanunua wawili amwombe radhi Bibi wa Mlima. Mmoja alimfikisha kwenye jiwe. Mwingine aliteleza chini ya kiti, na yeye amekuwa akizunguka naye tangu kabla ya mwaka mpya.

Nilimtoa yule samaki kwa koleo nikamtupa mbali. Nikarudi. Kanesuke alikuwa ameona nilichobeba. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Husikii harufu," nikasema.

Alifunga kibweta cha chakula, akakifunga tena na kitambaa, kwa makini sana.

"Tangu lini, Baba Chinatsu?"

"Oktoba. Mafua yalipoondoka, nayo ikaondoka."

"Yote?"

"Yote. Chai, udongo, wewe. Daktari wa mjini Tanabe anasema huenda ikarudi, huenda isirudi. Nilidhani nitaweza kwa macho na kwa kalenda. Siku zenye mawingu macho hayaoni kitu, moshi wote ni mmoja. Nikabaki na kalenda."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Mchoma mkaa asiye na pua. Bora useme mvuvi anayeogopa maji."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Wangu kaumbuliwa na okoze. Nilitaka kumgombeza kwa miezi hii mitatu ya kuniacha nikidhani kosa ni langu, na nilianza kweli, lakini nikaona vidole vyake vinakifungua na kukifunga tena kile kitambaa. Nikapanda ndani ya pikapu, harufu na yote, nikaketi upande wa pili. Nilimlilia yeye na miti yake aliyoingoja miaka kumi na mitano. Na katikati ya kulia nikajikuta nashukuru, kwa maana sikuchokwa. Ilikuwa pua tu.

Januari 8
Nimemwambia, "Nyumba hii ina pua mbili. Moja imekufa, nyingine imelelewa na samaki, haikosei."

"Hapana."

"Nitakaa kwenye dohani, nikueleze. Wewe utaamua."

"Bibi hatakubali. Nimeshaharibu mawili, la tatu liwe la wivu?"

"Bibi kakuharibia nini? Umeyaharibu wewe na kalenda yako."

Akatoka nje. Tanuri la tatu limeshajazwa.

Januari 10
Bi Ikuyo amepita njiani, akasimama chini ya plamu ya uani kwetu akitazama matumba ya maua kwa miwani. "Yamevimba," akasema, akaenda zake. Hakutusalimu hata.

Mkaa wa matanuri mawili ya kwanza hatuwezi kumwonyesha. Liko hili moja tu litakalowahi.

Januari 14
Baridi, upepo kutoka baharini. Mdomo wa tanuri umezibwa kwa udongo, moshi unatoka dohanini tu. Kanesuke ameanza kwenda kuutazama kila saa na kurudi bila neno.

Januari 16
Nimefanya jambo.

Nilichukua masizi ya chungu, nikachanganya na ule udongo wa kuzibia tanuri, nikajipaka usoni. Si kidogo. Paji, mashavu, pua, shingo mpaka masikioni. Nikachukua mkia wa mwani mkavu nikauning'iniza kidevuni. Nikajitazama kwenye ndoo ya maji. Kwa kweli okoze angenikimbia.

Nikapanda mpaka kwenye dohani. Kanesuke alikuwa amechuchumaa, anautazama moshi. Akageuka, akaruka nyuma, akaangukia matako.

"Nani wewe?"

"Bibi akiniona atafurahi," nikasema. "Mimi ni mbaya kumzidi. Sasa niambie nitafute harufu gani."

Alinitazama. Nikadhani ataniondoa tena kwa ukali. Badala yake mabega yakaanza kumtikisika, nikaona meno, akacheka mpaka akakohoa, akacheka mpaka akashika ukuta wa tanuri na kuungua kidole. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Oktoba. Halafu kicheko kikageuka kitu kingine, akajifuta macho kwa taulo la shingoni, akaketi kwenye gogo la pembeni, akaniachia nafasi.

"Kaa upande huu," akasema. "Ule mwingine moshi utakuingia machoni."

Januari 17
Kumbe kazi ndiyo inaanza. Maisha yote amekuwa akiijua ile harufu bila kuitaja. Baba yake hakumfundisha kwa maneno, alimsimamisha tu dohanini tangu utotoni. Sasa tunatafuta maneno, watu wazima wawili.

"Inachoma?"

"Inachoma."

"Wapi? Puani au kooni?"

"Puani. Ni chachu."

"Chachu ya siki au ya plamu ya chumvi?"

"Ya plamu."

"Plamu za mama yangu au zako?"

"Za mama yako. Zinauma bila adabu."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Bado mapema. Itafika kwanza kwenye plamu zako."

Januari 19
Imefika kwenye plamu zangu. Chachu bado, lakini imelainika, na nyuma yake kuna kitu kama sukari iliyoungua. Nilipomwambia hivyo alifumba macho. "Ndiyo," akasema. "Hiyo naikumbuka." Nilimweleza tena polepole, kwa kuwa alitaka kuisikia tena.

Januari 20
Nina masizi mpaka kwenye mto wa kulalia. Seigo aliniona njiani akanipisha bila kunisalimu. Nadhani hakunijua.

Januari 21
Ukungu. Umepanda kutoka baharini alfajiri na kukaa. Kutoka mlangoni sikuona tanuri, na moshi na ukungu vilikuwa kitu kimoja. Kanesuke alikuwa ameshika nyundo ya kubomolea mdomo.

"Ni leo," akasema. "Kwa siku zake, ni leo asubuhi."

Nikainama dohanini. Ile chachu ilikuwa imekwisha, karibu yote. Sukari imekwisha. Kulikuwa na joto, na ndani ya joto uzi mmoja mwembamba wa kitu kinachouma.

"Bado," nikasema.

"Chachu imebaki kiasi gani?"

"Kidogo sana. Lakini ipo."

"Mama Chinatsu, nikichelewa ni jivu. Uliona la pili."

"Niliona. Nilifagia mimi."

"Pua inachoka. Ukinusa kitu siku tano, pua inakudanganya."

Hapo niliogopa. Ni kweli inachoka. Nilikwenda mbali, hadi kwenye vichaka, nikavunja jani la ubame nikalifikicha puani, nikavuta hewa safi mpaka kifua kikauma. Nikarudi. Nikainama tena. Uzi upo.

"Bado," nikasema. "Ukifungua sasa, fungua kwa kalenda, mimi nashuka. Ukinisikiliza, tungoje."

Ndivyo ilivyokuwa, yote kwa neno langu moja: miti yake, mteremko, na jina lake kwa Bi Ikuyo. Kama nimekosea sitakuwa na pa kuuweka uso, na masizi yake. Kanesuke alisimama na nyundo. Ukungu ulikuwa unamdondoka kwenye nyusi. Halafu akaiegemeza nyundo ukutani na kuketi.

Tuliketi asubuhi nzima. Hakuniuliza hata mara moja. Nilimpa chai, akanywa. Karibu na adhuhuri niliinama na kile kitu hakikuwepo. Sikusikia harufu yoyote, ilikuwa hewa ya moto tu, safi kabisa, nikainama tena na tena nihakikishe.

"Hakuna," nikasema. "Hainuki kitu."

"Hata kidogo?"

"Sasa hivi tuko sawa mimi na wewe."

Akasimama akachukua nyundo.

Januari 22
Tumevuta. Mdomo ulipofunguka wote, ndani kulikuwa na dhahabu, magogo yamesimama bado kila moja mahali pake, yanang'aa hata hayatazamiki. Joto lilinikausha masizi usoni yakabanduka vipande vipande. Kanesuke alivuta, mimi nikafukia. Kila mkaa ulioanguka juu ya mwingine ulilia. Hatukuhitaji kugonganisha.

Nilipolala mikono haikukunjika. Asante kwa mti, asante kwa ukungu, asante kwa baba yangu aliyeninusisha kila samaki kabla hajamnunua.

Februari 9
Plamu zimechanua, na Bi Ikuyo amekuja na fimbo yake, Seigo nyuma yake kambebea kiti. Nimefurahi kwamba kambebea kiti.

Aliketi mbele ya lundo. Akachagua vipande viwili mwenyewe, akavigonganisha karibu na sikio lake zuri. Vikalia. Akachagua viwili vingine kutoka chini kabisa. Vikalia. Akakaa navyo mapajani.

"Huu ni mkaa wa matanuri mawili ya kwanza, au wa tanuri la tatu?"

"Wa la tatu, bibi," Kanesuke akasema. "Mawili ya kwanza niliyaharibu. Sisikii harufu tangu mafua."

Seigo akainua kichwa. Nami nikashika aproni yangu. Hakuna aliyemlazimisha kusema.

"Na la tatu nani aliangalia moshi?"

"Mke wangu."

"Wewe ulifanya nini?"

"Nilimsubiri."

Bi Ikuyo alinigeukia. Alinitazama juu mpaka chini, uso wangu ukiwa umeoshwa leo kwa heshima yake. "Binti wa samaki," akasema. "Nilisema mwaka mmoja. Nilikosea." Halafu akamwambia Seigo amwinue. "Mteremko waendelee nao mpaka juu. Na wewe Seigo, acha mashine yako nyumbani, njoo ujifunze kuacha vyembamba. Ukijifunza, ule ubavu wangu wa kaskazini tutauzungumza."

Seigo alikuna shingo. "Bi Tomie, na mimi nitapakwa masizi?"

"Wewe huna haja," nikamwambia.

Februari 15
Tanuri la nne linakwenda vizuri. Seigo anakuja asubuhi na msumeno wa mkono, analalamika kiuno, anakata vizuri.

Februari 27
Nimechukua chungu cha masizi nijipake kabla ya kupanda. Kanesuke akakiondoa mkononi mwangu, akakirudisha jikoni. "Usipake tena. Nimezungumza naye," akasema. Nikamwuliza amemwambia nini Bibi wa Mlima. Akavaa viatu, na masikio yake yalikuwa mekundu.

Machi 8
Mvua nyepesi. Ameniuliza chai inanukaje. Nikamweleza. Ameniuliza plamu, udongo baada ya mvua, nguo zilizoanuliwa. Daktari anasema bado. Siku hizi anakula taratibu, nami namsimulia kila kitonge, na amerudia kulalamika kuhusu chumvi. Sijapata kufurahi namna hii kulaumiwa.

Machi 19
Leo tumemaliza. Tumefika juu kabisa ya mteremko, ambapo ubame ni mfupi kunipita na bahari iko yote chini yako. Kichaka cha mwisho kilikuwa na mashina saba. Kanesuke alikata matatu manene, akafika kwenye la nne, si nene si jembamba. Akaliangalia muda mrefu.

"Unasemaje?" akaniuliza.

Hajawahi kuniuliza kuhusu shina. Nikalishika. "Liache."

Akaliacha. Akaketi juu ya mwamba, nami nikaketi. Chini yetu vyembamba vyote tulivyoviacha vilikuwa vinatikiswa na upepo, vingi, mpaka kule njiani.

"Hivi vitakuwa tayari baada ya miaka kumi na mitano," akasema. "Nitakuwa na themanini na mitatu. Wewe sabini na minane."

"Najua hesabu."

"Na pua yako? Itakuwa bado inafanya kazi?"

"Wewe kaa karibu nami tu. Siku nisipokusikia harufu, ndipo nitajua imekufa."

Hakucheka. Alisogea kwenye ule mwamba mpaka bega lake likagusa langu, akabaki hapo, na tulishuka jua lilipokuwa limeshazama.